Swichi ya Ufunguo na Usukani
Msikilizaji wa Kisumu, uwe Kondele au kule Dunga ufuoni, leo tuko kwenye swichi ya kuwashia gari. Ukitikisa ufunguo na taa za dashibodi zikazima, usikimbilie kulaumu stata. Huenda vibati vya shaba ndani ya swichi vimelika.

Kabla fundi wako wa jua kali hajagusa skrubu, aondoe waya wa hasi kwenye betri, kisha asubiri dakika chache. Mfumo wa mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani huwa na umeme wa akiba, na mfuko ukifyatuka usoni si mchezo! Akilazimika kuvua usukani, magurudumu yaelekee mbele. Nyuma ya usukani kuna utepe wa waya uliojikunja. Utepe huo ukizungushwa ovyo wakati wa kurudisha usukani, utakatika ukikata kona. Hapo ndipo wenye haraka hukosea.

Makava ya usukani yakisharudi, zungusha ufunguo hatua zote, na uhakikishe kufuli ya usukani inaachia kabisa.

Halafu ule mtungo wa funguo za nyumba, duka na boti, upunguze. Mwaka 2014, General Motors ya Marekani iliita magari milioni 2.6 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu swichi ziliweza kuteleza kwa uzito wa funguo au mtikisiko, injini ikazima na mifuko ya hewa isifunguke.