Mzozo wa Hataza katika Taa za Rangi

Taa ya LED inayobadilika rangi huwa na vijitaa vya aina tatu: vyekundu, vya kijani na vya buluu. Rangi mpya hutokea kimoja kinapofifishwa na kingine kikikolezwa. Njia iliyozoeleka ya kufifisha ni kuwasha na kuzima kila kijitaa mamia ya mara kwa sekunde. Kadiri muda wa kuzimwa unavyorefuka, ndivyo jicho linavyoona mwanga hafifu. Ngazi 256 kwa kila rangi hutoa michanganyiko zaidi ya milioni 16.

Color Kinetics, kampuni iliyoanzishwa Boston mwaka 1997, ilipata hataza ya Marekani mwaka 2000 kwa kuendesha taa za rangi kwa njia hiyo. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, na malalamiko ya washindani dhidi ya hataza hiyo yalikuwa na msingi, kwani kufifisha kwa mapigo ya umeme kulijulikana zamani. Hata hivyo, mwaka 2005 mshindani wake, Super Vision, alishindwa mahakamani. Philips iliinunua Color Kinetics mwaka 2007, kisha ikawauzia watengenezaji wengine leseni, gharama iliyowalemea zaidi wadogo.