Walidhani Yumo Msafarani

Dominika ya Familia Takatifu, Mwaka C (Lk 2:41–52)



Injili ya leo yatusimulia juu ya Mtoto wa miaka 12 asiyeonekana. Yosefu na Maria walikwenda mwendo wa siku nzima bila wasiwasi, wakidhani yumo msafarani pamoja na jamaa zao. Hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa wakitoka kuhiji. Walidhani tu. Kumbe Yesu alibaki Yerusalemu.

Nasi leo twadhani. Mtoto yumo chumbani, nyumba imetulia, nasi twamshukuru Mungu kwamba harandi mitaani. Kumbe simu iliyo mkononi mwake imekwisha kumpeleka kati ya watu tusiowajua. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulimngoja mtoto njiani. Siku hizi wamfuata hadi kitandani.

Twamkumbuka mama mmoja aliyetujia parokiani akilia. Kwa idhini yake twasema jambo hili. Binti yake wa miaka 13 alikuwa akiandikiana kwa miezi kadhaa na mtu aliyejifanya mwanafunzi. Mtu huyo alimwomba picha, kisha akamtisha kwamba atazitangaza. Binti alinyamaza. Tulipomwuliza kwa upole sababu ya kunyamaza, alijibu kwamba aliogopa baba atampiga na kuivunja simu.

Wapendwa, hapa twapata mafundisho mawili. La kwanza ni wajibu wa kulinda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, wafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Basi tusijitetee kwamba mambo haya ni ya vijana. Facebook na TikTok zimeweka miaka 13 kuwa umri wa kufungua akaunti. Je, ni mara ngapi sisi wenyewe twamwandikia mtoto umri wa uongo? Iko programu ya Google iitwayo Family Link, isiyolipiwa, ambayo humwezesha mzazi, kwa simu yake mwenyewe, kupanga muda wa matumizi, kuidhinisha programu kabla mtoto hajaipakua, na kuifunga simu usiku. Asiyeweza amwombe mwalimu au kijana mwaminifu wa Jumuiya amwonyeshe.

La pili: kufuli peke yake si malezi. Mtoto aliyefungiwa nyumbani ataazima simu ya rafiki. Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alitukumbusha kwamba kuchunguza kila hatua ya mtoto hakumlei. Lililo kubwa ni kujua moyo wake uko wapi. Mtazameni Maria. Alipomwona Mwanawe hakuanza kwa fimbo. Aliuliza, akaeleza uchungu wake na wa Yosefu, akasikiliza jibu ambalo hakulielewa, akaliweka moyoni.

Yule baba tuliyemtaja naye aliitwa. Alikaa kimya kitambo, kisha akamwomba binti yake msamaha. Wakaenda pamoja polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Siku hiyo binti alijua kwamba anaye baba.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, aliijua sana kompyuta, akaitumia kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Hata hivyo michezo ya kompyuta aliiwekea mwenyewe kikomo cha saa moja kwa juma. Huko ndiko tunakotaka kufika: kufuli la mzazi limlinde mtoto hadi dhamiri yake ipate nguvu ya kumlinda.

Jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, tuziweke simu zote mezani, ya baba na ya mama kwanza. Kisha tumwulize mtoto anaongea na nani, na tumwahidi kwamba akipatwa na la kumtisha, atatuambia bila kupigwa. Ahadi hiyo tuitunze.

Maria na Yosefu, mliomtafuta Mtoto siku tatu kwa huzuni, mtuombee. Amina.