Sahani Uliyojinyima

Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu. Sheria ya Kanisa inatudai mfungo siku mbili tu, hiyo na Ijumaa Kuu: mlo kamili mmoja kwa siku, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Je, chakula tulichojinyima kinakwenda wapi? Kikiwekwa kungojea pilau ya Pasaka, hatukufunga. Tumeahirisha kula tu. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walitilia mkazo jumuiya ndogondogo za Kikristo. Humo tunasali nyumba kwa nyumba, kwa hiyo tunajua jiko la nani halikuwaka jana. Basi sahani hiyo ipelekwe huko, kimya kimya, kabla mtoto wa jirani hajalala na njaa.