Kisigino changu na daftari ya salongo

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanamemba mu mkutano wetu wa siku ya posho, hapa Lubumbashi. Tunayaandika mu gazeti letu kwa wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wanaotusaidia toka mbali.



Mulinialika niseme juu ya afya ya watu wanaofanya kazi ya nguvu. Nilitayarisha karatasi juu ya malaria na maji safi, lakini naiacha hapa ku meza. Leo nitasema juu ya kisigino. Najua wamoja watacheka. Mucheke tu, hata mimi nilichekaka.

Munanijua. Shirika langu lilinituma kwenu kusaidia habari ya mbegu na hesabu, na komite ikanipa kazi moja zaidi: kuandika majina ku salongo ya shamba la chama. Anayekuja, naweka alama. Asiyekuja, naandika faini ya franki elfu mbili. Muliniambia munanichagua mimi juu sina ndugu kati yenu, kwa hiyo sitapendelea mutu. Kweli sikupendelea. Lakini kutopendelea na kufanya haki ni vitu viwili.

Mu musimu wa mvua, baba mumoja alikosa salongo tatu zikifuatana. Mwenyewe amenipa ruhusa niseme habari yake, ila jina hapana. Ni mumoja wa wale waliokomalia Zambia, ku kambi ya Kala, na kurudi mbele kambi haijafungwa mu 2010. Tangu alipofika hapa anakula kwa kinga: anaenda kuchukua makala mbali ku pori, anapakia mifuko, anasukuma mupaka mu mji. Siku ya salongo alituma mutoto na neno hili: "Baba anasema mushipa ya kisikino inamuluma, asubui hawezi kukanyaga."

Sawa. Lakini saa tatu ya asubuhi ileile, watu waliokuwa wanakuja shambani walipishana naye ku barabara, anasukuma kinga yake, anatembea vizuri. Wakafika, wakanielezea. Mimi nikasema: huyu anatudanganya. Nikaandika faini. Wiki mbili kisha, vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Neno "muvivu" likaanza kutembea mu chama, na mimi sikulizuia. Daftari yangu ilikuwa inalisema pia, na wino.

Ku salongo ya inne alikuja. Ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Aliinua mufuko, akaweka muguu ku ngazi ya kamyo, akasukuma mwili juu. Akaanguka. Alituambia alisikia sawa vile mutu amemutupia jiwe nyuma ya muguu. Akageuka kuangalia nani, hakuona mutu. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Nilisimama pale pale na daftari mu mukono.

Hata siku ile sikuelewa kitu. Nilisema ni aksidenti. Nilianza kuelewa tu wakati zamu yangu ilifika.

Zamu yangu ilikuja mu mwezi wa tano. Vijana wa chama waliniita mupira siku ya Mungu. Nilikuwa nimemaliza mwaka muzima bila kukimbia, lakini nilicheza dakika zote sawa vile niko mu Mazembe. Kesho yake, mushipa wa nyuma ya kisigino ulikuwa mugumu kama kamba kavu. Nikasema itaisha ndani ya wiki. Nikaendelea kuzunguka mashambani, na viatu ambavyo kisigino chake kimeisha.

Haikuisha. Nililala wiki mbili bila kufanya kitu, maumivu yakapotea, nikarudi mu kazi kwa nguvu, yakarudi mara mbili. Nikapakaa pomadi. Mama mumoja akanikanda na maji ya moto mupaka nikalia. Nikameza diklofenaki siku nyingi, tumbo likaanza kuungua. Miezi mitatu ikapita. Asubuhi nilikuwa natoka mu kitanda nikishika ukuta sawa muzee. Lakini, sikilizeni vizuri: kisha robo saa ya kutembea, maumivu yalikuwa yanapungua. Saa tatu nilikuwa naonekana muzima. Magaribi ndiyo yalirudi, na asubuhi ya kesho yakanikamata upya.

Siku moja, saa tatu, ku barabara, nikitembea vizuri mbele ya watu, nikamukumbuka yule baba na kinga yake. Nikasimama. Hakudanganya. Huu ugonjwa njo uko hivi. Unakuluma wakati hakuna mutu anayekuona, na unakuachilia kidogo wakati wote wanakutazama.

Nilificha, hata mimi. Kazi yangu ni miguu. Niliogopa ku biro watasema hawezi tena tereni, na kontra yangu inaisha. Mwishoni nilienda kwa mutu wa kinezi, yule anayefundisha viungo kufanya kazi tena. Alinieleza mambo ambayo nataka muyabebe nyumbani.

Ile tunayoita mushipa, siyo mushipa wa damu. Ni kano, kamba inayofunga nyama ya nyuma ya muguu ku mufupa wa kisigino. Ni kano nene kupita zote mu mwili, na mutu akikimbia inabeba uzito unaopita uzito wa mwili wake mara nyingi. Lakini damu inayoifikia ni kidogo, kwa hiyo inapona pole-pole sana kuliko nyama. Ukiishughulisha kupita nguvu yake, mbiombio, bila kuizoesha, nyuzi zake zinaharibika na inavimba. Kuanzia pale makosa ni mawili. La kwanza ni kuendelea sawa vile hakuna kitu. La pili ni kulala kabisa, juu kano isiyofanya kazi inazidi kuwa zaifu. Siku unarudi ku muzigo, inashindwa upya. Mimi nilifanya yote mawili kwa zamu.

Dawa yake kubwa ni muzigo wenyewe, kwa kipimo. Kuna munganga mumoja wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, aliyekuwa anapenda kukimbia na kano yake ikamusumbua. Aliomba mukubwa wake amupasue, mukubwa akakatala. Basi yeye akaanza kuitesa na mazoezi makali ili ikatike, wapate kumupasua. Badala ya kukatika, ikapona. Mu 1998, yeye na wenzake waliandika habari ya wakimbiaji 15 waliofanya mazoezi yale wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Wengine waliokuja kisha hawakupata bahati ya wote kupona, lakini njia yenyewe imebaki mupaka leo.

Inafanyika hivi. Unasimama ku ngazi ao ku tofali inayokaa imara, ukishika ukuta. Unapanda ku vidole na miguu yote miwili. Kisha unabakia ku muguu unaoluma, unashusha kisigino pole-pole mupaka chini ya tofali. Mara 15, unapumzika, mara 15, unapumzika, mara 15. Kisha vilevile na goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na magaribi, kila siku, wiki 12. Ikiwa rahisi, unavaa mufuko wenye muchanga ku mugongo na kuongeza. Yule ambaye maumivu yake iko chini kabisa, pale kano inaingia ku mufupa, asishushe kisigino chini ya tofali. Afanyie ku udongo ulio sawa. Kama huna nafasi kila siku, kufanya mara tatu kwa wiki na uzito mukubwa zaidi, pole-pole, imeonekana inasaidia vilevile.

Mutaniuliza: ikiluma, niache? Kipimo ni hiki. Hesabu maumivu toka 0 mupaka 10. Kama haipiti 5, na kesho asubuhi imerudi fasi ilikuwa, endelea. Kama kesho asubuhi imezidi, jana ulipitisha; punguza, usiache. Kipimo hiki kinasaidia mu kazi pia. Mimi sikuacha tereni. Niliacha kukimbia na kuruka, nilipunguza kilima, nilienda na kinga mu njia ya sawasawa, niliweka kipande cha mupira wa pine ndani ya kiatu ili kisigino kipande kidogo. Babushi zilizoisha nikazitupa. Ilinichukua miezi saba. Kuna watu wanachukua mitatu, kuna wanaochukua mwaka. Hata leo, siku ya baridi, asubuhi inanikumbusha iko.

Sasa neno moja juu ya dawa, na ba mama munisikilize, juu nyinyi njo munazinunua. Mbele ya ule muchezo nilikuwa nimetoka kupona tifoide, na nilikunywa siprofloksasini. Sisemi njo iliniumiza, siwezi kuhakikisha. Lakini ile dawa na ndugu zake zinajulikana zinaweza kuzaifisha kano, zaidi ile ya kisigino. Tangu 2008 Marekani inalazimisha onyo kali liandikwe mu karatasi ya maelezo ya dawa juu ya jambo hilo. Hatari inazidi kwa mutu aliyepita miaka 60 na kwa anayekunywa pamoja dawa za jamii ya deksametazoni. Hapa Lubumbashi tunanunua zote mbili ku farmasi ya kona bila karatasi. Siseme mutupe dawa: tifoide inaua. Nasema, kano ikianza kuluma wakati unakunywa siprofloksasini, rudi kwa munganga siku ileile umwambie, akubadilishie. Na sindano ya deksametazoni ndani ya kano, ukatale mupaka munganga akueleze sababu. Kuhusu wembe, kuchanja ngozi juu ya kano hakuifikii kano. Kunaleta vidonda tu.

Na kama unasikia "paa", sawa vile jiwe limekupiga, na huwezi tena kusimama ku vidole vya muguu ule, hakuna kukanda, hakuna kungojea kesho. Mulaze mutu kifudifudi, miguu ipite mwisho wa kitanda, kamua nyama ya nyuma ya muguu. Muguu muzima unatikisika wenyewe, kidole kinaenda chini. Kama hautikisiki, kano imekatika: hospitali, siku ileile. Yule baba tulimupeleka kisha siku inne, juu tulisema ametegeka tu. Alifungwa plati wiki nyingi, kidole kikiangalia chini. Leo anatembea, lakini anachechemea, na kusukuma makala hawezi tena. Anatengeneza kinga za wengine ku mulango wa lupango yake.

Namaliza na mambo ambayo ninaomba, na nimeyazungumuza na komite.

Kwanza, faini. Mutu akisema anaumwa na haonekani kuumwa, asiandikwe mbele watu wawili hawajaenda kwake asubuhi mapema, saa ya kutoka mu kitanda. Siyo saa tatu.

Pili, salongo iwe na kazi ya kukaa: kuchagua mbegu, kushona mifuko, kuhesabu, kupika bukari. Anayefanya kazi ya kukaa apate alama sawa na yule wa jembe. Kati yetu kuna watu waliotembea toka Pweto mupaka ng'ambo na kurudi, wamoja mara mbili. Wale waliorudi toka Mantapala tangu mwisho wa 2021 wameanza mashamba upya na miguu ileile. Tusingojee miguu ikatike ndiyo tuiamini.

Tatu, kesi yetu ya kusaidiana inalipa uzazi, kilio na kulala hospitali. Mutu mwenye kano hazai, hafi, halali hospitali; kwa hiyo hapati kitu, na anapoteza kazi miezi sita. Ninaomba tuweke sehemu ndogo kwa ajili ya kinezi na magongo, na mukopo mudogo kwa yule anayelazimika kubadilisha kazi kwa muda.

Kwa wafadhili, neno moja tu. Ku fomu zetu tunauliza: "Ana kilema? Ndiyo, hapana." Yule baba aliandikwa "hapana" miezi yote ile, na ni mimi niliyeandika. Munatupa mbegu na majembe, tunashukuru sana. Ninaomba muturuhusu kuongeza swali la tatu: "Kuna kazi ambayo alikuwa anaiweza mwaka jana na leo haiwezi?" Haina bei, na ingetuonyesha watu wengi.

Mu mwezi uliopita nilienda kwake na franki elfu sita zake, toka mufuko wangu. Alizipokea. Kisha akaniambia: "Mukubwa, aksanti ya feza. Lakini ile neno 'muvivu' ulinipatia mbele ya bantu, na feza umeniletea ku nyumba."

Alisema kweli. Basi mbele yenu wote, na yeye akiwa ameketi pale: baba, haukuwa muvivu. Ulikuwa mugonjwa, ulituambia, na mimi sikukusadiki. Nimefuta mistari ile mitatu mu daftari, na kando ya kila mustari nimeandika sababu, ili atakayeshika daftari kisha yangu aisome.