Pembe ya nyundo imekwenda wapi?

WIKI tatu zilizopita nilisoma hapa barua ya kijana wa kidato cha pili kutoka Nassa, wilayani Busega, mkoani Simiyu. Alikuwa na maswali matano kuhusu sumaku. Nilijibu mawili mbiombio maana muda ulikuwa umekwisha, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe nilikuwa nimechokoza nyuki. Tangu siku ile barua na ujumbe wa simu havijakoma. Huyu anauliza kama bangili ya sumaku inaponya mgongo. Yule anauliza kama kweli ipo rupia ya Mjerumani inayovuta mchele. Na mama mmoja wa hukohuko Nassa hakuuliza habari za fizikia hata kidogo. Alieleza kuwa mwanawe, baada ya kusikia kipindi, alivunja redio mbovu, akatoa sumaku ya spika, akaipitisha kwenye unga uliotoka mashineni, ikatoka na manyoya ya kijivu. Mama anataka kujua wanachokula ni nini.

Nitafika kwa mama huyo. Kwanza nilipe deni la kijana, maana bila majibu yake hayo mengine hayataeleweka.

Aliuliza kwa nini sumaku yake inanasa msumari lakini hainasi sufuria. Hapa lugha yetu yenyewe inatuponza. Kila kitu kigumu chenye kung'aa tunakiita chuma. Sufuria ni ya aluminiamu, waya wa umeme ni shaba, pete ya bibi harusi ni dhahabu, na vyote hivyo sumaku ya kawaida haivinasi. Inanasa chuma chenyewe, ile metali ya jembe na msumari, pamoja na nikeli na kobalti, na baadhi ya michanganyiko yake. Nikeli, kwa taarifa yenu, imo ardhini hukohuko Simiyu, kwenye vilima vya Dutwa na Ngasamo, lakini msihangaike kwenda na sumaku. Ikiwa bado ndani ya udongo haijawa metali, hivyo hainaswi kama kipande cha nikeli safi.

Aliuliza pia, ukiikata sumaku katikati, ncha ya kaskazini inabaki upande gani? Pande zote mbili. Kila kipande kinakuwa sumaku kamili yenye ncha zake mbili, na ukikata tena ni hivyohivyo. Sababu ni kwamba nguvu ile haikai kwenye ncha kama maji kwenye chupa. Inatokana na chembe ndogo mno zilizomo ndani, kila moja ikiwa kama kisumaku, zote zikiwa zimeelekea upande mmoja kama askari kwenye gwaride. Ukiigonga mno au ukiitupa motoni gwaride linavurugika na sumaku inakufa. Chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi hakinaswi tena mpaka kipoe.

Na lile eneo linalozunguka sumaku, ambalo wataalamu wetu huliita uga sumaku, hupita kwenye karatasi, mbao, maji na hata kiganja cha mkono bila shida. Ndiyo maana mtoto anaweza kuutembeza msumari juu ya meza huku sumaku iko chini ya meza. Ndiyo maana pia visumaku vidogo vyenye nguvu vya siku hizi ni hatari kwa watoto. Mtoto akimeza viwili, vinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Hilo likitokea ni hospitali moja kwa moja, bila kungoja kesho.

Swali lililonifurahisha kuliko yote ni la dira. Kama dunia ni sumaku kubwa, je, inaweza kugeuka, kaskazini ikawa kusini? Jibu ni ndiyo, imekwisha kugeuka mara nyingi, na ushahidi mmoja mashuhuri duniani uko hapahapa kwetu. Kutoka Nassa ukifika Lamadi upo karibu na lango la Ndabaka la Serengeti. Ukikata mbuga yote hadi upande wa pili unakaribia bonde la Olduvai. Chini kabisa ya bonde lile kuna miamba iliyotokana na zaha ya volkano. Zaha inapopoa, chembe za chuma zilizomo hujipanga kufuata sumaku ya dunia ya siku hiyo, kisha zinaganda hivyo. Mwaka 1963 wanasayansi wawili, Grommé na Hay, walitangaza matokeo ya kuipima miamba hiyo. Walikuta imeelekea kama dira ya leo, ingawa iliganda katika zama ndefu ambazo sumaku ya dunia kwa sehemu kubwa ilikuwa imepinduka. Kipindi hicho kifupi, cha tangu miaka kama milioni 1.95 hadi milioni 1.77 iliyopita, wanasayansi wanakiita Olduvai popote wanapokikuta, hata kwenye matope ya chini ya bahari. Sijui kwa nini watoto wetu wanaimbishwa mafuvu ya Olduvai shuleni na hawaambiwi habari hii.

Sasa tuje kwenye rupia.

Hadithi inayosambazwa ni hii. Kuna mtu ana sarafu ya enzi za Mjerumani. Anamwaga punje za mchele, anasogeza sarafu, punje zinaruka kuifuata. Anasema sarafu ina nguvu, kuna tajiri wa nje anaitaka kwa mamilioni, inahitajika tu fedha ya kuifanyia vipimo. Unatoa fedha, naye humwoni tena.

Hebu tuitazame rupia yenyewe. Rupia ya Afrika Mashariki ya Wajerumani ilikuwa ya madini ya fedha. Heller ndogo zilikuwa za shaba iliyochanganywa na bati, na zile zenye tundu katikati zilikuwa za shaba na nikeli kwa kiwango ambacho hakinaswi na sumaku. Mwaka 1916, vita ilipopamba moto, walitengeneza sarafu Tabora, zikiwamo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na nyingine za shaba njano. Fedha, shaba, dhahabu: hakuna hata moja kati ya hizo inayonaswa na sumaku. Kwa hiyo akija mtu na rupia inayovuta misumari, anakueleza mwenyewe kuwa si rupia halisi, au ameificha sumaku. Na mchele hauna la kuvutwa. Punje zikiifuata sarafu, zimepakwa vumbi la chuma. Ile shilingi mia tano yetu ya sarafu, iliyotoka mwaka 2014, inanaswa na sumaku vizuri sana, kwa kuwa ni chuma kilichopakwa nikeli, na thamani yake bado ni shilingi mia tano.

Bangili za sumaku nazo zina maelezo matamu. Wauzaji wanasema damu ina chuma, kwa hiyo sumaku inaivuta damu na kuipeleka palipo na maumivu. Ni kweli damu ina chuma, lakini kimefungwa ndani ya chembechembe zake kwa namna ambayo hakivutwi kama msumari. Hospitali kubwa zina mashine ya MRI, ambayo ni sumaku unayoingizwa ndani yake mwili mzima. Nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, zaidi ya mara 40,000 ya sumaku ya dunia hapa kwetu. Mgonjwa analala humo nusu saa na damu yake inaendelea na safari zake kama kawaida. Kama sumaku ile haiivuti, bangili ya sokoni itaivuta? Uchunguzi uliofanywa kwa makini haukuonyesha kuwa bangili hizi zinapunguza maumivu kuliko bangili isiyo na sumaku. Mwenye maumivu ya mgongo aende akapimwe.

Basi sumaku inajua jambo moja tu: hapa kuna chuma, au hakuna. Ukiiuliza thamani au afya haina jibu. Lakini hilo moja inalijua vizuri, na ndilo lililonifanya nipande basi la Musoma pale Mwanza, nishuke Nassa Ginneri, kwenda kumwona yule mama wa unga.

Nilikuta mtoto yuko shuleni na sumaku imewekwa juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kijana ana akili: bila nailoni vumbi la chuma linang'ang'ania, huwezi kulibandua. Mama alitandaza unga wa dona kwenye ungo, akapitisha sumaku taratibu, mara tatu, mara nne. Kweli, zikatoka nywele za kijivu.

"Unaona, mwanangu?" akasema. "Na huu tumeula tangu Jumamosi."

Nikamwomba tusihukumu upesi. Mahindi yanayoanikwa chini huokota vumbi, na udongo wa kandokando ya ziwa una mchanga mweusi ambao nao unanaswa na sumaku. Nendeni mtoni mjaribu, mtaona. Kwa hiyo tulichukua mahindi ya gunia lilelile, tukayaosha, tukayaanika kwenye turubai, tukayagawa mafungu mawili. Fungu moja tulilitwanga kwenye kinu cha mti. La pili tulilipeleka mashineni. Unga wa kinu uliacha sumaku safi, isipokuwa vidoa viwili vitatu. Unga wa mashine uliivisha sumaku manyoya tena.

Mwendesha mashine hakukasirika, nami namshukuru kwa hilo. Alizima injini, akafungua mfuniko, akanitolea nyundo mbili. Nyundo mpya ilikuwa na pembe kali za mraba. Ile iliyotumika ilikuwa imelika, pembe zake zimekuwa duara kama sabuni iliyobaki kidogo. Nikaishika mkononi nikamuuliza, "Kaka, pembe ya nyundo hii imekwenda wapi?" Alicheka, halafu akanyamaza. Imekwenda kwenye madebe ya watu, ingekwenda wapi kwingine? Nyundo zile zinapiga nafaka kwa kasi kubwa, zinagongana na chekeche la chuma na mawe madogo yaliyopita na mahindi, na kila zinapolika, kilicholika kinashuka na unga. Nyundo za chuma laini zilizochongwa mtaani kwa bei poa ndizo zinazolika upesi zaidi.

Na msikilizaji wa mjini asidhani haya ni ya Nassa tu. Viwanda vikubwa vya unga huwa na sumaku kwenye njia ya unga. Lakini ukinunua sembe ya kupima kutoka mashine ya mtaani, iwe Mwanza au Dar es Salaam, uliza kama ipo.

Najua kuna atakayesema, si chuma kinaongeza damu? Wajawazito si wanapewa vidonge vya chuma? Ndiyo, na tangu kanuni za mwaka 2011 unga wa viwandani unatakiwa kuongezwa virutubishi, chuma kikiwamo. Lakini chuma hicho kimechaguliwa na kupimwa kiasi chake. Kipande cha nyundo hakikupimwa na mtu. Hujui kimechanganywa na metali gani, na vile vikubwa vyenye ncha vinaweza kuumiza meno na kukwaruza tumbo. Anayetaka chuma cha damu ale maharage, mboga za majani na dagaa, na kliniki ipo.

Kinachonikera ni hiki. Nassa imepewa jina la pili na kiwanda cha kuchambua pamba, na katika viwanda vya namna hiyo duniani sumaku ni kifaa cha kawaida. Pamba inapitishwa penye sumaku kabla ya kufika kwenye misumeno, kwa sababu msumari mmoja uliojificha unaweza kutoa cheche na kuunguza pamba yote. Pamba tumeionea huruma. Unga wa mtoto unapita kwenye nyundo usiku na mchana na hakuna anayeuwekea kitu.

Wala si jambo la gharama. Sumaku kwenye mdomo wa kuingizia nafaka inanasa misumari na vipande vya waya kabla havijaharibu nyundo, hiyo ni faida ya mwenye mashine mwenyewe. Nyingine kwenye mdomo wa kutokea inanasa vumbi la chuma, na lazima ifutwe kila siku, vinginevyo ikijaa haikamati tena. Nyundo zikiduara zibadilishwe. Mashine ikitoka kufungwa nyundo mpya au chekeche jipya, unga wa mwanzo usiwe wa mteja. Sagia pumba kwanza uzitupe. Maafisa afya wa kata wanaopita kukagua vyoo vya migahawa na vyeti vya wapishi, naomba wakipita mashineni waingie na sumaku mfukoni. Kuitoa kwenye spika mbovu ni kazi ya dakika kumi.

Mwendesha mashine wa Nassa aliniomba nimwachie ile ya kijana. Nikamwambia hiyo ina mwenyewe, amsubiri atoke shule wapatane bei.

Swali la tano la kijana, kwa nini dainamo ya baiskeli inakuwa nzito kukanyaga pale taa inapowaka, nimeliweka hadi wiki ijayo. Mwenye dainamo inayofanya kazi aiweke karibu na redio.