Haki ya Mfanya Kazi na Karatasi Yake



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya sheria za kazi. Si jambo geni kwetu. Baba na babu zetu walitoka upande wa Bungoma wakaenda kulima mahindi katika mashamba ya Wazungu ya Trans Nzoia. Walivaa kipande shingoni, na sheria ya mwaka 1918 iliwalazimu maskwota kumtumikia mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Siku hizo karatasi ilikuwa pingu ya mtumishi.

Sasa mambo yamegeuka. Sheria ya Ajira ilipitishwa mwaka 2007, ikaanza kutumika mwaka 2008. Kisha Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, ikampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Mfanya kazi anayo siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 zenye mshahara baada ya miezi kumi na miwili. Hata kibarua hakusahauliwa: akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Yapasa apewe notisi ya siku 28 au malipo badala yake, isipokuwa amefanya kosa kubwa.

Lakini sheria haimfuati mtu nyumbani kwake. Mwenzetu mmoja alifanya kazi ya shamba miaka kumi na mmoja. Siku moja akaambiwa asirudi. Aliona haya kusema. Alipotujia, mwaka wa nne ulikuwa umekwisha anza, na sheria hutoa miaka mitatu tu ya kupeleka madai kama hayo mahakamani. Kosa si lake peke yake. Tulikuwa tukikutana naye kila mwezi katika michango ya matanga, wala hatukumwuliza habari za kazi yake.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, anayeajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi adai mapatano yaliyoandikwa. Asiyejua kusoma, mwajiri amepaswa kumweleza kwa lugha aijuayo. Pili, kila mtu aandike kitabuni siku alizofanya kazi na fedha alizopokea. Tatu, akiachishwa kazi aje kwetu upesi, kwa kuwa malalamiko kwa Ofisa wa Kazi yapasa kufika katika miezi mitatu. Tutamwandikia barua, na ikibidi, Mahakama ya Ajira husikiliza mashauri hata Bungoma.

Neno la mwisho ni kwa sisi tulio na mashamba. Mchungaji wa ng'ombe wetu na msichana wa jikoni nao ni wafanya kazi mbele ya sheria hiyo hiyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Tusiwatendee wana wa wenzetu yale yaliyowaliza baba zetu.