Njia ya Kilwa na Aibu Waliyobebeshwa Wasiostahili



Nimelelewa Mtoni, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa. Alfajiri, pale kwa Azizi Ali, watu husimama na ndoo, misumeno na mifuko ya nguo za kazi wakisubiri gari. Ukimuuliza mmoja anakwenda wapi, atakwambia, "Naenda kibaruani." Neno hilo nimelitumia miaka mingi kabla sijajua lilikotoka. Kibarua ni barua ndogo, cheti cha mtu wa kazi ya kutwa. Unguja ya karne ya 19, vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Jua likizama, sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana.

Naomba tuitazame barabara hii na maneno tunayoyasema tukiwa juu yake.

Bahari ilipofungwa

Kilwa, ambako barabara hii inakwenda, iliuza watu kwa muda mrefu, na wanunuzi walitoka pande nyingi. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ndiyo yaliyomeza watu wengi zaidi. Hesabu za forodha za Kilwa kati ya 1862 na 1867 zinataja watumwa 97,203 waliosafirishwa, na 76,703 kati yao walipelekwa Unguja. Hao ni wale waliolipiwa ushuru. Waliokufa njiani kutoka Ziwa Nyasa hawakuwa na karani wa kuwaandika.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja, akitishwa na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mwaka mmoja nyuma, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakataka watu wa kazi kuliko wakati wowote. Wafanyabiashara wakageukia nchi kavu. Misafara ikatoka Kilwa, ikavuka Rufiji, ikapita nyuma ya Dar es Salaam, ikapanda hadi Pangani, na huko watu wakavushwa kwa siri kwenda Pemba.

Desemba 1873, ofisa wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alitoka Dar es Salaam kwenda Kilwa kwa njia ya nchi kavu. Yeye alishuka kusini, misafara ikapanda kaskazini. Kwa muda wa mwezi mmoja alipishana na watu zaidi ya 4,000 waliokuwa wakiswagwa. Kundi moja lilikuwa la vijana na wanawake waliounganishwa kwa pete za chuma shingoni, miguu imechanwa na miiba, miili imebaki mifupa. Mkataba wa Unguja ulikuwa na umri wa miezi sita tu.

Mama na mwana

Idadi kubwa huficha nyuso, kwa hiyo nimtaje mmoja. Katika miaka ya 1860 msichana wa Kiyao aitwaye Swema alichukuliwa kwa sababu ya deni la mama yake. Mama akaomba waongozane, akakubali kubeba jino la ndovu ili tu asitengane na mwanawe. Nguvu zilipomwisha, wenye msafara walimwacha njiani. Swema alifikishwa Kilwa, kisha Unguja, akiwa hoi kiasi kwamba alizungushiwa mkeka na kufukiwa akiwa hai. Kijana mmoja alimsikia, akamfukua, akampeleka kwa wamisionari. Ndiyo maana leo tunalijua jina lake.

Ahadi za dola

Mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku misafara ya nchi kavu pia. Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1889 bunge lao lilitoa fedha za kupigana vita huku pwani, na moja ya sababu zilizotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Lakini utumwa wenyewe hawakuufuta. Sheria yao ya 1904 iliwapa uhuru watoto ambao wangezaliwa kuanzia 1906, ikawaacha wazazi wao pale pale walipo. Dola hiyohiyo ilikuwa imeshaanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898 na kuwalazimisha watu kwenda mashambani. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kutoka mkataba wa Barghash hadi hapo ni miaka 49: mtoto aliyepishana na Elton angeweza kuzeeka utumwani.

Maneno yaliyobaki

Utumwa ulikoma kisheria, lugha yake ikaendelea. Mjinga alikuwa mateka mgeni, aliyefika pwani asijue lugha wala desturi. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, yule wa kukamatwa. Mtwana alikuwa mtumwa mwanamume. Leo yote matatu ni matusi. Tusi linalotokana na mwenye kushika mnyororo sijapata kulisikia. Aibu tumewabebesha waliofungwa, na tunawabebesha hadi leo, kila tunapomtukana mtoto kwa jina la babu yake.

Bibi yangu alikuwa hodari wa kutaja nasaba za watu. Nilipomuuliza bibi yake yeye alitoka wapi, alisema, "Alitoka bara," kisha akainama kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua nisiulize tena.

Wanafunzi wangu, nawaomba muulize. Mtoni, Temeke na Mbagala zimejaa watu wenye kwao Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara. Kaeni na wazee kwa adabu, bila haraka, mwandike jina, kabila, kijiji na mto waliouvuka wahenga wao. Nanyi wazee wangu wa Mtoni, nawasihi: semeni. Hakuna mtoto mwenye haki ya kuwadharau kwa asili yenu, na sisi walimu ni wajibu wetu kumfundisha asiwadharau.

Mimi nianze. Asili yangu ni mwanamke aliyetoka bara, akaletwa pwani kwa nguvu, akazaa, akalea. Jina lake sikulipata. Heshima yake naitaja hapa, mbele yenu, bila kuinamisha uso.